Ninavyopima kasi ya programu kwenye terminali na kuhifadhi majibu

Kipimo kimoja cha `time` (amri inayoonyesha programu imetumia muda gani) hakinitoshi kusema programu hii ina kasi kuliko ile. Mara ya kwanza faili husomwa kutoka diskini, mara ya pili linakutwa tayari kwenye kumbukumbu, na tofauti hiyo peke yake huweza kumeza mabadiliko yote niliyofanya kwenye msimbo. Kwa hiyo `time` ni ya kuchungulia tu. Kupima natumia hyperfine, programu inayoendesha amri mara nyingi na kulinganisha muda wake:

`hyperfine --warmup 3 --runs 30 --export-json matokeo.json './zamani data.txt' './mpya data.txt'`

Mizunguko 3 ya kupasha moto haihesabiwi. Nikitaka kuanza na kashe (nakala za faili zilizobaki kwenye kumbukumbu) tupu kwenye Linux, naondoa `--warmup` na kuweka `--prepare 'sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches'`, nikiwa nimetanguliza `sudo -v` ili nywila isiulizwe katikati ya kipimo. Ukiandika `sudo echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` utakataliwa, maana anayefungua faili hapo ni sheli yako (programu inayopokea amri zako) isiyo na ruhusa, si sudo.

Mtego ulionifanya niache kuamini namba nzuri mno ni huu: hyperfine hutupa matokeo ya programu kwenye `/dev/null`, faili maalumu linalomeza kila kinachoandikwa humo. GNU grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, ikigundua hivyo husimama inapokuta mstari wa kwanza unaolingana, basi faili kubwa "linasomwa" kufumba na kufumbua. Dawa ni `--output=pipe`.

Programu isiyofika milisekunde 5 naiongezea `-N` ili isipitie sheli. Lakini hapo alama kama `|` na `*` hazifanyi kazi. Bendera (chaguo la amri) ya `-i`, inayopuuza makosa, siigusi kabla ya kujua kosa lenyewe. Programu inayoanguka mapema huonekana ina kasi kuliko zote.

Kupima kumbukumbu (RAM) inayotumiwa na programu: `/usr/bin/time -f '%e %M' -a -o kumbukumbu.txt ./mpya data.txt`. Namba ya pili ni kilele cha kumbukumbu kwa kilobaiti. Kuandika njia kamili, `/usr/bin/time`, ni lazima, kwani `time` ya bash ni neno la sheli yenyewe na haijui `-f`.

Laptopu iwe kwenye chaji, kivinjari kifungwe. Mkengeuko sanifu (kiasi vipimo vinavyotawanyika) ukipita asilimia 5 ya wastani narudia, na programu ya zamani naipima tena mwishoni: ikiwa imepungua kasi, prosesa imepata joto na ulinganisho haufai. Muda wa `user` (muda wa prosesa kwenye msimbo wa programu yenyewe) kuzidi muda halisi si kosa, ni nyuzi (sehemu za programu zinazoendeshwa sambamba) kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Muda halisi ukiwa mrefu kuliko `user` na `sys` (muda wa prosesa ndani ya mfumo endeshi) kwa pamoja, mara nyingi programu inasubiri diski au mtandao.

Nahifadhi JSON badala ya CSV kwa sababu JSON hubeba muda wa kila mzunguko, CSV muhtasari tu. Faili la jina lilelile hufutwa bila kuulizwa, hivyo naliita `matokeo-$(date +%F)-$(git rev-parse --short HEAD).json`, na kando yake naweka faili la maandishi lenye majibu ya `uname -r`, `lscpu`, na bendera za kikusanyaji (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa). Baadaye `jq '.results[] | [.command, .median, .min]'`, amri ya kusoma JSON, ikipewa faili hilo hunitolea ninachohitaji.