Mapaa ya Buguruni

Kwa miezi minane sasa jioni zangu nyingi zimeishia mbele ya kompyuta, nikiujenga upya mji wa Dar es Salaam ndani ya X-Plane, simuleta ya kurushia ndege, ili niweze kutua katika uwanja wa Julius Nyerere bila kujihisi nimepotea. Mandhari inayokuja na simuleta hiyo inamtosha mtu ambaye hajawahi kufika hapa. Bandari ipo mahali pake na Barabara ya Nyerere imepita inapopita, lakini nyumba zilizopangwa kandokando yake zina vigae na dohani, na ukiishusha ndege kuelekea Buguruni unaona kitongoji cha Ulaya kilichoangukia pwani yetu.

Kazi huanza na ardhi. X-Plane huigawa dunia katika vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na bahati yetu watu wa mwambao ni kwamba kipande kiitwacho -07+039 kimeubeba mji wa Dar es Salaam pamoja na uwanja wa Abeid Amani Karume wa Unguja, kwa hiyo safari ile fupi ya kuvuka bahari inahitaji kipande kimoja tu. (Nungwi imeangukia kipande cha kaskazini yake, ndugu zangu wa huko watanisamehe.) Programu ya bure iitwayo Ortho4XP huchukua picha za setilaiti na kuzitandaza juu ya umbo la ardhi, nawe huchagua ngazi ya ukaribu: katika ngazi ya 16 pikseli moja hufunika takriban mita 2.4, katika ngazi ya 17 mita 1.2, na kila ukipanda ngazi moja uzito wa picha huongezeka mara nne. Nilianza kwa tamaa ya kutaka ngazi ya 18 mji mzima, na kifurushi changu cha intaneti kikakata roho usiku wa kwanza, kabla picha hazijafika Mbagala. Sasa ngazi ya 18 nimeiacha kuuzunguka uwanja peke yake.

Umbo lenyewe la ardhi lina visa vyake. Data ya mwinuko ninayoitumia inatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na rada ile ilipokutana na miti mingi iliyosongamana mara nyingi iligonga majani kabla ya kufika chini. Ndiyo maana katika toleo langu la kwanza mikoko ya mlango wa Mto Msimbazi ilitokea kama kilima kifupi kilichopakwa rangi ya kijani, na nikalazimika kukisawazisha kwa mkono.

Nyumba ndizo zilizonishangaza. Nilitarajia mitaa isiyopimwa iwe mitupu kwenye ramani, kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka, kumbe michoro ya majengo ya Tandale, Manzese na Vingunguti imejaa katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kibanda kwa kibanda. Sababu yake ni mafuriko. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe kuichora mitaa hiyo, wakisaidiwa na picha za droni, ili ijulikane maji hupita wapi na nani yumo hatarini. Hakuna aliyekuwa akiwafikiria watu kama mimi wanaocheza na ndege za kwenye kioo, lakini kazi yao ndiyo imenipa msingi wa karibu kila nyumba ninayoipitia juu. Kasoro yake kwa matumizi yangu ni urefu: majengo mengi hayakuandikiwa idadi ya ghorofa, na Kariakoo yangu ya kwanza ilikuwa na ghorofa moja kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Mnazi Mmoja.

Rubani anayeijia njia ya kurukia namba 23 kutoka baharini huliona Daraja la Tanzanite upande wa kulia, bandari upande wa kushoto, kisha hupita juu ya Ilala na Buguruni akiwa ameshuka sana. Mahali hapo kuta hazionekani. Kinachoonekana ni mapaa. Kwa hiyo nilizunguka Buguruni na Vingunguti kwa siku tatu nikipiga picha mabati kutoka kwenye ghorofa za watu walioniruhusu, nikazipanga katika karatasi moja ya pikseli 2048 kwa 2048, nikizigeuza huku na huko ili zienee, kisha nikazivika nyumba kwa kutumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu. Nilijiona fundi.

Jumapili moja baba mdogo, ambaye amepiga kenchi na kuezeka nyumba maisha yake yote, alikuja kutusalimia. Baada ya shikamoo na chai nilimketisha kwenye kiti changu, nikaijia njia ya 23 taratibu, nikasimamisha ndege hewani juu ya Buguruni ili ajionee. Aliinama akakaribia kioo, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba zako zote zitavuja."

Nilidhani anatania. Akaweka kidole juu ya paa moja. Migongo ya bati ilikuwa imelala kufuata urefu wa nyumba, sambamba na kofia ya juu ya paa, badala ya kuteremka kutoka kwenye kofia kuelekea chini. "Mvua ikinyesha hapa," alisema, "maji yatakaa kwenye kila bonde la bati yakitafuta tundu la msumari." Nilipogeuza picha ili zienee kwenye karatasi sikuzirudisha, na maelfu ya nyumba zilikuwa zimeezekwa ubavu.

Marekebisho yalichukua jioni mbili, na jioni ya tatu ikapotea kwa uzembe mwingine: nilipoirudisha folda ya mandhari nilivuruga mpangilio katika faili la maandishi linaloiambia X-Plane kipi kiwe juu ya kipi, ardhi ikapanda juu ya uwanja, nami nikatua kwenye picha tupu isiyo na jengo wala taa. Lakini sasa migongo imekaa sawa, na ukija asubuhi jua likiwa nyuma yako mng'ao unateremka juu ya bati kama unavyoteremka Buguruni yenyewe. Sikujua kwamba ulikuwa umekosekana.

Nilimwita tena baba mdogo. Alikubali kwamba hazivuji. Kisha akauliza kwa nini kutu ni ya aina moja kila mahali, ilhali watu hubadilisha bati moja moja kadiri fedha inavyopatikana, na kwa nini hakuna hata paa moja lililowekewa mawe au matairi mabovu ya kuzuia upepo. Mawe yalikuwa rahisi. Wiki hii ninachora matairi.