Kabla ya kuandika "mpasuko" kwenye ripoti ya bega

Kwenye MRI (picha za sumaku) ya bega, sehemu inayodai subira kuliko zote ni labrumu ya mbele kwa juu. Labrumu ni ukingo wa gegedu yenye nyuzi unaozunguka kikombe cha glenoidi, yaani sehemu ya mfupa wa bega inayopokea kichwa cha mfupa wa mkono. Kikombe hicho tunakisoma kwa namba za uso wa saa: 12 juu, 3 mbele, 6 chini.

Kati ya 1 na 3, labrumu inaweza kuwa haijashikamana na mfupa kabisa, na mtu akawa mzima. Hiyo ni forameni (tundu la asili) ya chini ya labrumu. Mwachano ukishuka chini ya 3, hasa kwa mtu aliyewahi kuteguka bega, ushuku jeraha.

Watu wengine hawana labrumu kabisa hapo mbele juu, na ligamenti ya katikati ya glenohumerasi (utepe mmoja kati ya zile zinazoimarisha kiungio kwa mbele) ni nene kama kamba. Huu ndio mpangilio wa Buford. Kwenye picha za mkato mlalo, kamba hiyo hufanana sana na kipande cha labrumu kilichong'oka. Usiamue kwa picha moja: ifuate kamba hiyo picha kwa picha kwenda chini, utaiona ikiungana na kano ya subskapularisi, msuli wa mbele ya bega. Kosa hapa ni zito, kwa sababu daktari wa upasuaji akiishona kwenye mfupa, mgonjwa hushindwa kuzungusha mkono kwenda nje, tena kwa maumivu.

Juu, karibu na 12, kuna mfereji chini ya shina la bisepsi, yaani pale kano ya msuli huo wa mkono inaposhikamana na labrumu. Ukiwa wa kawaida ni mwembamba, kingo zake ni laini, na hupinda kuelekea ndani ukifuata glenoidi. Mpasuko huingia ndani ya labrumu yenyewe kuelekea nje, kingo zikiwa zimechakaa.

Kano ya supraspinatasi, msuli wa juu ya bega, nayo hung'aa kwenye picha bila ugonjwa pale nyuzi zake zinapokaribia pembe ya digrii 55 dhidi ya uga wa sumaku. Linganisha na T2 (aina ya picha ya MRI) yenye muda mrefu wa mwangwi, yaani muda wa kusubiri kabla ya kupokea ishara. Mng'ao ukitoweka, usiuite ugonjwa.

Mwisho, picha za mlalo zianzie juu ya akromioni, ncha ya mfupa iliyo juu ya bega. Zikianzia chini yake, kipande chake ambacho hakikuungana na mfupa uliobaki hakitaonekana. Baada ya umri wa miaka 25 hicho ni osi akromiale. Kingo zake zina gamba la mfupa, tofauti na mvunjiko mpya, lakini ukiona uvimbe wa uboho pande zote mbili za sehemu hiyo isiyoungana, utaje: huenda ndicho kinachouma.