Plagi ya pini tatu

Aprili 2025 nilikuwa Foshan, jirani na hapa Guangzhou, kwa laoban mmoja, yaani bosi wa kiwanda, ninayenunua kwake blenda za wateja wangu wa Kariakoo. Siku zote ukiingia pale husikilizani kwa kelele za mashine. Siku hiyo palikuwa kimya. Maboksi yamepangwa mpaka darini, yote yameandaliwa kwa duka moja la Marekani, na mteja ameandika barua asipelekewe. Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulikuwa umefika asilimia 145. Nusu ya mafundi walikuwa wameambiwa warudi makwao.

Nilijua nitamkuta amekata tamaa. Akanimiminia chai, akafungua boksi moja, akanionyesha plagi: pini mbili bapa, volti 120. "Rafiki, Tanzania mnatumia hii?" Nikamwambia kwetu ni volti 230, pini tatu nene. Akaipiga picha chaja yangu. Hazikupita wiki mbili, akaniita: mota imesukwa upya, plagi ni ya pini tatu.

Ndugu wakinipigia simu kuuliza China inajibuje vitisho vya Marekani, huwa naanza na plagi ile.

Maana ule wepesi haukuja siku hiyo. Ushuru wa Marekani wa 2018 uliwakuta Wachina hawajajipanga, nami nilishuhudia viwanda vikifungwa. Baada ya hapo wakaendelea kuhamishia ununuzi wa soya Brazil, mpaka ikafika Septemba 2025, mwezi ambao forodha yao haikuandika hata punje moja kutoka Marekani. Huawei, kampuni ya simu ya China, ilipozuiwa kununua teknolojia ya Marekani mwaka 2019, wengi tuliwaambia wateja wetu waachane na simu zake. Agosti 2023 ikatoa Mate 60 Pro, chipu yake imetengenezwa hapahapa.

Kisha madini adimu. Trump alitangaza ushuru wake tarehe 2 Aprili 2025. Tarehe 4 China ikasema aina saba za madini hayo, pamoja na sumaku zake, hazitoki bila kibali. Karibu asilimia 90 ya usafishaji wake duniani hufanyika China. Kuna sumaku za aina hiyo unaweza kuzishika kwa vidole viwili, ila zikikosekana, kiwanda kizima cha magari kinasimama. Tarehe 12 Mei, baada ya mazungumzo ya Geneva, ushuru ukashushwa: Marekani asilimia 30, China asilimia 10. Na Trump alipokutana na Xi Jinping kule Busan tarehe 30 Oktoba, madini yalikuwa bado mezani.

Msimamo huu una mizizi, na nusu yake niliielewa Humen, mji wa pwani hapa hapa mkoa wa Guangdong. Yapo mabwawa mawili ambako mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa wa mfalme wa China, aliiangamiza kasumba ya wafanyabiashara wa Kiingereza, zaidi ya kilo milioni 1, kwa maji ya chumvi na chokaa. Uingereza ikaleta manowari, na mwaka 1842 China ikalazimishwa kuitoa Hong Kong. Nilipokwenda palijaa watoto wa shule. Binti mmoja, pengine wa miaka minane, aliingiza mkono mzima ndani ya mzinga wa vita, akawa anasikiliza bila kucheka.

Kinachoniuma ni huku kwetu. Mzigo uliokataliwa Marekani lazima utue mahali, na mwaka 2025 mauzo ya China kwa Afrika yalipanda sana. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaouleta. Kijana mwenye karakana Dar es Salaam hawezi kushindana na bei ninayopewa, na kwa hilo sijaona sisi tukijiandaa.

Kontena langu la futi 40 lilipakiwa Julai. Baadhi ya mafundi walikuwa wameshaitwa kazini. Mama mmoja alikaa kwenye kigoda, anabandua kwa ukucha stika za dola, anapangusa gundi kwa kitambaa, anabandika zangu.