Kikombe cha kahawa ndicho kilichonipa kipimo cha karanga

Mimi ni mtoto wa Kongwa, na mtoto wa Kongwa haambiwi aache karanga. Kwetu ndiko Waingereza walikoleta matrekta mwaka 1947 wakitaka karanga za maelfu ya ekari. Kiangazi udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawa haba, na kufika 1951 mradi ukaachwa. Mama yangu ana ekari mbili na jembe la mkono, na anavuna. Kila mwezi wa saba gunia langu linafika kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini. Sasa mwaka juzi nikapanda mzani nikakuta kilo 89, presha nayo imeanza kupanda, na mshauri wa kwanza niliyemwendea akanikata kauli: "Karanga zinanenepesha, acha kabisa." Nilitoka pale nimekasirika kweli.

Lakini wa pili ndiye aliyenipotezea muda. Huyu alisema karanga ni chakula cha asili, zina protini, hazina shida, "we kula kiganja kimoja tu kwa siku". Nikalishika hilo neno. Kila siku saa nne asubuhi ofisini Mtumba, kiganja kimoja. Jioni kama sikula asubuhi, kiganja kimoja. Nilikuwa mwaminifu kabisa, na kwa miezi minne uzito haukushuka hata nusu kilo.

Kabatini nilikuwa na mizani ndogo ya betri niliyonunua kwa ajili ya keki, elfu ishirini na kitu. Usiku mmoja nimemenya karanga za kukaanga, nikasema ngoja nione hiki kiganja chenyewe kina nini. Nikachota kama ninavyochota siku zote, nikamwaga kwenye sahani: gramu 47. Nikachota tena: 53. Nikaiacha hadi kesho yake. Nimerudi kazini sijala tangu saa sita, hata viatu sijavua, nikachota: 64! Kiganja kilekile cha mtu yuleyule. Nikamwita mume wangu achote cha kwake, akatoa 71. Binti yetu wa miaka tisa alitoa 22. Pale nikaelewa kwamba njaa ikizidi vidole vinajifungua vyenyewe, mkono unakuwa bakuli. Kiganja si kipimo, na anayekushauri kiganja mwambie akionyeshe kwanza cha kwake kwenye mizani.

Nusu ya punje ya karanga, kwa uzito, ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga au protini ina nne. Ndiyo maana gramu 100 za karanga zinakaribia kalori 570, na gramu 30 zinatoa kama 170, sawa na mayai mawili ya kuchemsha na kitu juu. Hizo 30 ndizo nilizotaka. Kile kiganja changu cha jioni kilikuwa kinabeba zaidi ya mara mbili yake. Halafu nikakumbuka glasi. Yule kijana anayepita ofisini anapima kwa glasi, na siku za mwisho wa mwezi nilikuwa nanunua glasi nzima naimaliza mezani huku nafunga hesabu. Nikajaza glasi ya nyumbani inayofanana na yake: gramu 152. Kalori zaidi ya 850, karibu nusu ya chakula changu chote cha siku, na mchana nilikuwa nakula wali kama kawaida.

Nikajaribu kuhesabu punje. Kuna kanuni inayosema punje 28 ni gramu 28. Inawezekana kwa karanga kubwa. Karanga za mama ni ndogo, nyekundu, tamu kuliko zote nilizowahi kula, na punje 28 zilinipa gramu 14. Nilikaa wiki mbili nakula nusu ya haki yangu, nashinda na njaa, kisha jioni nafidia kwa chapati. Na zilizopasuka vipande viwili unazihesabuje? Korosho ndizo zinahesabika vizuri, kama 18 nzima kwa gramu 28, kwa sababu ni kubwa na hazipishani sana.

Basi nikarudi kwenye mizani, lakini mizani nayo sikuiamini, ilikuwa imeshaangushwa. Hapa nitajisifu kidogo. Nilikwenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 10, mia chache tu. Maji mililita moja yana gramu moja. Nikaweka kikombe kitupu juu ya mizani, nikabonyeza isome sifuri, nikavuta maji hadi mstari wa 10 nikamwaga mara tatu. Ikasoma 30. Nikaongeza mara mbili, ikasoma 50. Nilifurahi kama nimefaulu mtihani. Siku betri ilipoanza kuchoka, maji yaleyale ya 30 yalisomeka 26, kwa hiyo hadi leo napima maji kabla ya karanga. Bomba lenyewe liko droo ya vijiko, na wageni wanauliza nani anaumwa.

Shida ikabaki kwamba huwezi kubeba mizani kila mahali, na asubuhi ya Mtumba kila mtu anakimbilia daladala. Jibu lilikuwa mikononi mwa mume wangu. Jioni anakunywa kahawa kijiweni, vile vikombe vidogo visivyo na mkono, vyenye maua na mstari wa dhahabu karibu na mdomo. Nikamtuma amwombe muuza kahawa amuuzie kimoja. Nikakijaza karanga hadi juu: gramu 38. Nikapunguza hadi mstari wa dhahabu, nikatikisa mara moja zikae, nikapima. Thelathini! Nikarudia mara sita, ikicheza kati ya 29 na 31. Sikuamini. Cha kwenu kinaweza kuwa kikubwa au kidogo, kipimeni kwanza, na kama hakina mstari chorea wa rangi ya kucha.

Jumapili jioni ndiyo siku yangu. Nakaanga karanga za wiki moja tu, zangu peke yangu, kwa sababu mbichi hazinishawishi ila za kukaanga kwenye ndoo nitazifuata hata saa saba usiku. Kabla ya kukaanga nachambua: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, natupa yote, sibakizi hata kwa kuku. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na karanga nazo zinashambuliwa na kuvu ileile. Kukaanga hakuimalizi hiyo sumu. Zikipoa napima, maana moto unakausha maji na uzito wa mbichi si uzito wa kukaanga. Kikombe kimoja, kikopo kimoja chenye mfuniko, vikopo saba. Cha siku kinaingia kwenye mkoba. Kikiisha kimeisha, na siendi kuchungulia cha kesho.

Mlenda ulinisumbua kidogo, kwa sababu mlenda bila karanga kwangu si mlenda. Siku hizi nikitwanga naweka vikombe viwili kwa sufuria ya watu wanne, yaani 15 kwa kila mtu, na siku hiyo kikopo changu nakila nusu. Kashata za kijiweni nimeziacha, hizo zina sukari juu ya karanga na sijapata namna ya kuzigawa nikaridhika. Safarini, basi likisimama na vijana wakaleta korosho dirishani, nanunua, nahesabu 18, pakiti inakwenda kwa jirani wa kiti, aendelee yeye.

Nimefika kilo 82. Ilichukua miezi minane, na jioni natembea pia, lakini chakula kingine sikukibadilisha sana. Karanga sijaziacha hata siku moja.

Mwezi wa tatu huu mama alipiga simu. Shikamoo, marahaba, kisha akauliza gunia liliisha lini, maana miaka yote linaisha kabla ya Krismasi. Nikamwambia bado limebaki debe zima. Akanyamaza. "Mwanangu, karanga za mwaka huu hazikuwa tamu?" Ikabidi nimweleze yote, kiganja, mizani, bomba, hadi mstari wa dhahabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema na yeye magoti yanamsumbua, nimtafutie kikombe kama changu. Nimeshakipata. Nimekipima mara sita kwa karanga zake mwenyewe, na Jumamosi kinapanda basi kwenda Kongwa.