Pikapu, tela la boksi na hesabu ya uzito

Watu wakisikia nimeanza kubeba mizigo kwa pikapu, wanauliza ukubwa wa injini. Mimi naanza na uzito. Tela la boksi, yaani lililofunikwa pande zote na juu, hata likiwa tupu, tayari limekula sehemu ya uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta; kinachobaki ndicho ninachouza.

Nikipakia, karibu asilimia 60 ya mzigo inakaa mbele ya ekseli ya tela (chuma kinachobeba magurudumu yake), ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ilalie pale linapoungana na gari. Uzito ukirudi nyuma, mwendo ukipanda tela linayumba, na upepo wa ubavuni unamalizia kazi. Mwenye friji (wenye friji wana maoni!) anataka iingie mwisho ili ishuke kwanza. Namsikiliza kwa heshima, kisha naiweka mbele, imesimama wima, imefungwa mikanda.

Kurudi mtupu bado kunachoma mafuta, kwa hiyo bei yangu ni ya kwenda na kurudi, hata mteja akinuna. Mchanga na matofali nawaachia wenye malori. Boksi ni la samani na vyote vinavyoogopa mvua. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haigusi mzigo wa kulipwa, kwa hiyo niliibadilisha kabla sijaandika jina ubavuni.