Anayemjua mwanangu mchana

Jumapili, mvua, mtoto kalala. Ngoja niandike kabla hajaamka.

Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Kampala mwaka 1954 baada ya mumewe kupata kazi ya utafiti huko. Aliingia vijijini kwa Waganda na mkalimani wake, akawa anawatembelea kina mama majumbani: watoto 28 wa familia 26. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka 1967. Wengi humtaja kwa majaribio aliyoyafanya baadaye Baltimore, Marekani, lakini mambo yalianzia Uganda. Kule ndiko alikoona mtoto anayetambaa akimwacha mama, anakwenda kuchokonoa vitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, halafu huyoo, anaendelea na safari yake.

Lililoniganda kichwani ni hili: kina mama ambao watoto wao walikuwa wametulia moyo, mara nyingi ndio waliokuwa wasimuliaji wazuri. Ukiwauliza habari za mtoto hawakujibu "hajambo" wakaishia hapo. Walikupa vijambo vyake vyote bila kusukumwa.

Kwetu msimuliaji ni dada wa kazi. Nikirudi jioni, hata mkoba sijautua: "Dada, mwanao leo kaniweza! Umeme umekatika, kanyoosha kidole kwenye feni, kaniangalia. Nikamwambia, eeh, imesimama, imechoka. Kanyoosha tena, nikamwambia tena. Umeme uliporudi kapiga kelele yeye kabla yangu."

Binti yetu ana miezi 10. Kidole hicho kina kazi kubwa. Anaonyesha kitu, anatazama uso wa mkubwa kujua kama wanaona kimoja, anasubiri aambiwe neno. Maneno yake ya kwanza yatapitia humo humo. Na anajifunza kwamba akiita, ataitikiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alilionyesha hilo miaka ya 1970 kwa jaribio linalouma kulitazama: mama anacheza na mtoto, kisha anaambiwa akaushe uso kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu, anarusha mikono, anapiga kelele. Akiona haitikiwi, anageukia pembeni. Nafuu yangu ni kwamba Tronick huyo huyo anasema hata mama na mtoto wanaopatana vizuri hupishana mara kwa mara. Muhimu warudiane.

Ainsworth alikuta pia kwamba muda ambao mama mwenyewe anamhudumia mtoto una uzito wake. Sina la kubisha. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri kuikimbia foleni, na kodi ya nyumba haingoji.

Wifi yangu ana sheria yake: dada asipite miezi mitatu, "atakuzoea, aanze kiburi." Si yeye peke yake, Dar nimeisikia sana hiyo. Nikamuuliza, huyo anayemwitikia mtoto mchana kutwa akitoweka ghafla kila baada ya miezi mitatu, mtoto anaelewa nini? Akacheka. "Wifi nawe! Mtoto wa miezi 10 anajua nini?"

Mwezi ujao dada anakwenda kwao Lushoto, kaka yake anaoa. Nimeshamkatia tiketi, ya kwenda na ya kurudi.