Springi za Nyuma, Chini ya Mwembe

Mwezi wa Julai mwaka 2013 nilikuwa nikirudi Mto wa Mbu kutoka Engaruka na pikapu yangu, Land Cruiser HZJ75, nikiwa nimepakia magunia ya maharage, niliposikia mlio mmoja mkavu kutoka nyuma, na papo hapo gari likaegemea kushoto. Niliingia uvunguni nikakuta pati kubwa ya juu (pati ni bamba la chuma, na kadhaa zikipangwa pamoja ndizo springi), ile yenye macho, yaani ncha zilizokunjwa kuwa tundu la kupitisha pini, imekatika karibu na jicho la mbele. Pati ya pili, ambayo imekunjwa kulikumbatia jicho, ndiyo iliyozuia ekseli isirudi nyuma. Nilifunga mnyororo, nikapachika gogo kati ya ekseli na chesisi, nikatambaa hadi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Asubuhi nilimwita Mjomba, fundi mstaafu aliyefanya kazi ya magari kwa zaidi ya miaka 30. Alikichukua kipande kilichokatika, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha uso wa mvunjiko. Karibu nusu yake ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, na nusu iliyobaki iling'aa kama chuma kilichotoka kusagwa.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "hii haikukatika jana. Jana imemalizikia tu. Ufa huu umesafiri na wewe miezi mingi."

Kisha akageukia bushi, vile vipande vya mpira vinavyokaa ndani ya macho ya springi kuizunguka pini. Mpira ulikuwa umechanika upande mmoja tu, ilhali upande wa pili ulikuwa mzima kabisa, na hapo akaniuliza zilifungwa wapi. Nilimwambia ukweli: gereji moja ya mjini ilizifunga miezi mitano nyuma, nami nilisimama pale nikiwatazama wakikaza nati za pini huku magurudumu yananing'inia hewani. Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alinieleza kwamba bushi ya mpira haizunguki kwenye pini, bali hujipinda na kujirudi. Ukiikaza springi ikiwa imening'inia, basi gari likishushwa mpira unabaki umepindika mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa, na kila shimo la barabarani huupinda zaidi. Tulikubaliana kwamba safari hii kazi itafanyika nyumbani, chini ya mwembe.

Nilikwenda Arusha kununua springi mbili nzima, bushi, pini na yubolti nne mpya, yaani bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Mwenye duka alinishauri nibadilishe upande wa kushoto pekee ili kuokoa fedha, lakini springi mpya ikikaa na iliyochoka gari litaegemea tu, na mimi nilishachoka na gari linaloegemea.

Tulianza Jumamosi alfajiri. Tuliweka vigingi magurudumu ya mbele, tukainua gari, tukaegemeza chesisi kwenye stendi mbili, na jeki ikabaki chini ya ekseli. Mjomba alikataa katakata kufungua pande zote mbili kwa pamoja: upande mmoja ukibaki umefungwa, ekseli haipotei mahali pake. Tulifungua shokapu kwa chini, tukafungua nati za yubolti zilizokuwa zimelowekwa dizeli tangu usiku, kisha nikaishusha jeki polepole huku yeye akiutazama mpira wa breki usije ukavutika. Pini ya mbele ya kushoto ndiyo iliyotula muda. Ilikuwa imeshikana na kutu, na tuliigonga kwa zamu karibu saa mbili nzima mpaka ikasogea upana wa ukucha, kisha ikatoka.

Kupachika springi mpya kulihitaji watu wawili kwa uzito wake, na utulivu kuliko nguvu. Kichwa cha bolti ya katikati inayozishika pati lazima kiingie kwenye tundu lake katika kikalio cha ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa upande na gari litakwenda kama mbwa anayekimbia kimshazari. Mjomba aliingiza kidole pembeni, akapapasa, akaniambia niinue jeki kidogo, kidogo tena, mpaka nikasikia kishindo kidogo cha chuma kutulia. Yubolti tulizikaza kwa kupishanisha pembe, kila nati kidogo kidogo. Nati za pini tukazigusisha tu.

Jua lilikuwa linazama tulipomaliza upande wa kulia, na mimi nilitaka kukaza kila kitu twende tukale. "Bado," alisema Mjomba. Tulirudisha magurudumu, tukalishusha gari chini, akanituma nipande nyuma nirukeruke mpaka springi zikae. Ndipo akalala kwenye turubai, kwa mwanga wa tochi ya simu, akazikaza nati za pini gari likiwa limebeba uzito wake lenyewe.

Baada ya kilomita 500 nilizikagua nati peke yangu kama alivyoniagiza. Za yubolti zilikubali karibu robo ya mzunguko. Za pini hazikusogea. Pati za zamani Mjomba alikuwa ameshazipeleka kwa mhunzi, kwa kuwa chuma cha springi ndicho wahunzi wa kwetu wanachokipenda kwa sime na mapanga, na mhunzi alianza kwa kukata na kutupa ile ncha yenye ufa.